Viporo vya chuoni: je, krediti zilizobaki ni sababu ya kurudi darasani?

Tumchukue mtu wa mfano, mwanamke aliyehitimu shahada ya historia katika chuo kikuu kimoja cha Marekani miaka sita iliyopita. Shahada yake ilitaka krediti 120 (krediti ni kipimo cha masomo ya chuoni), lakini transkripti, yaani hati ya kozi alizosoma, inaonyesha 148. Zile 28 za ziada hazikuota zenyewe. Mwaka wa kwanza alijiona mchumi, akachukua kozi tano za uchumi kabla ya kubadili fani. Akasoma lugha ya kigeni mihula mitatu kwa kuipenda tu. Na alipohama chuo alikuja na kozi moja ya kemia yenye maabara, ambayo chuo kipya kiliipokea lakini hakikuwa na pa kuiweka. Kumi na tano, tisa, nne.

Sasa anapekua mwongozo wa chuo na kukuta kwamba mwenye shahada anaweza kuongeza nyingine ya ngazi ileile akifikisha jumla ya krediti 150. Anatoa 148 kwenye 150, anabaki na mbili. Shahada nzima ya uchumi kwa krediti mbili! Ukiwa na hesabu kama hiyo mkononi, kutomalizia kunaonekana kama uvivu.

Zile mbili ni 30. Nitaeleza kwa nini, maana fumbo lote la viporo vya chuoni limo humo. (Na tuelewane kuhusu jina: kwa Kiswahili "shahada ya pili" ni uzamili. Humu nikisema "shahada ya ziada" namaanisha nyingine ya ngazi ambayo mtu tayari anayo.)

Pishi la saa

Krediti haipimi ulichokijua. Inapima muda. Chanzo chake ni pensheni: mwaka 1905 tajiri Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 ili zilipe mafao ya wahadhiri wastaafu, na vyuo vilivyotaka kunufaika vikatakiwa kukubali kipimo cha pamoja cha masomo ya sekondari. Kipimo hicho kikaja kuitwa uniti ya Carnegie: saa 120 za darasani kwa somo moja. Wazo la kuhesabu elimu kwa saa likapanda kutoka sekondari hadi vyuoni na halijashuka tena. Kanuni za serikali kuu ya Marekani zilizoanza kutumika Julai 2011 zinaieleza krediti moja kuwa saa moja ya darasani na angalau saa mbili za kazi nje ya darasa, kila wiki, kwa takriban wiki 15. Ukizidisha unapata saa 45.

Kwa hiyo krediti ni kama pishi. Pishi la mchele na pishi la mtama yanajaa chombo kilekile, lakini hayapikiki kwa namna moja. Krediti tisa za lugha na tisa za ekonometriki (takwimu za kiuchumi) ni tisa kwa tisa kwenye karatasi, ila kwenye shahada ya uchumi moja ni chakula na nyingine ni mapambo ya sahani.

Tena pishi lenyewe hutofautiana kwa ukubwa. Baadhi ya vyuo vya Marekani hugawa mwaka kwa robo badala ya mihula, na krediti ya robo ni theluthi mbili ya krediti ya muhula. Shahada ya krediti 180 huko ni sawa na ya 120 kwingine. Kozi ya krediti 4 za robo ikihamishwa inakuwa 2.67. Kama chuo kipya kinadai 3, umepungukiwa theluthi moja ya krediti, na hakuna duka linalouza theluthi. Mtu anayetoka Ulaya ana pishi jingine: kule mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, kila moja ikiwa saa 25 hadi 30 za kazi, na shahada ya kwanza ni 180 au 240. Uingereza wao huhesabu saa 10 kwa krediti, shahada kamili 360. Anayesema "nina krediti 60 zimelala" bila kutaja zilikotoka bado hajasema kitu.

Jinsi krediti mbili zinavyogeuka thelathini

Turudi kwa mhitimu wetu. Kosa lake la kwanza ni kudhani 150 ni shabaha ya jumla tu, kwamba ukiifikia kwa njia yoyote umefika. Vyuo vingi vinavyotaja 150 vinamaanisha 120 za shahada ya awali pamoja na 30 mpya, zilizosomwa chuoni hapo baada ya shahada ya kwanza kutolewa. Sharti la kusoma sehemu ya masomo chuoni hapo si ukorofi wa chuo kimoja. SACSCOC, shirika linalotoa ithibati kwa vyuo vingi vya kusini mwa Marekani, linataka angalau asilimia 25 ya krediti za shahada ya kwanza zitokane na ufundishaji wa chuo kinachoitoa. Robo ya 120 ni 30. Mantiki yake inaeleweka: chuo hakitaki kuweka muhuri wake kwenye masomo ambayo hakikuyaona.

Kosa la pili ni kuhesabu krediti badala ya kuhesabu mahitaji. Tuseme fani ya uchumi chuoni hapo inadai krediti 36. Anazo 15, zote za mwaka wa kwanza na wa pili. Zinabaki 21, yaani kozi saba za ngazi ya juu. Kabla ya hizo anahitaji kalkulasi, kozi mbili za krediti nne nne, maana alipokuwa mwanahistoria aliikwepa hesabu kwa bidii kubwa. Jumla 29. Inabaki moja ya kujazia 30, na ndiyo pekee ambayo angeweza kuisomea chochote anachotaka.

Angalia pia kilichotokea kwa viporo vyake. Katika 28, ni 15 tu zilizofanya kazi. Lugha na kemia hazikusogeza lolote. Krediti za ziada mara nyingi ni za kozi za hiari na za ngazi ya chini, wakati kinachokosekana karibu kila shahada isiyomalizika ni kozi za juu za fani kuu. Kilichobaki na kinachohitajika hukutana mara chache.

Kosa la tatu ndilo watu huligundua wakiwa wameshalipa. Muda wa kumaliza hauamuliwi na wingi wa krediti ambazo hujazisoma. Unaamuliwa na mnyororo mrefu zaidi wa kozi zinazotanguliana. Krediti 30 zingeweza kuisha kwa mihula miwili ya kusoma kutwa. Lakini kalkulasi ya kwanza hutangulia ya pili, ya pili hutangulia nadharia ya uchumi ya kati, hiyo hutangulia ekonometriki, na ekonometriki hutangulia semina ya mwisho. Viungo vitano, mihula mitano. Kama semina hufundishwa mara moja kwa mwaka na muhula wake umempita, ongeza mwingine. Ukitaka kujua utamaliza lini, anza na kozi ya mwisho kabisa kisha urudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ufike kwenye kozi unayoruhusiwa kuichukua leo.

Halafu kuna kuchacha. Krediti za historia au fasihi kwa kawaida hazina tarehe ya kuharibika. Za sayansi, uuguzi na teknolojia mara nyingi zinayo, na kikomo cha miaka mitano hadi kumi ni cha kawaida. Yule mwenye kozi za anatomia za zamani anaweza kuambiwa azirudie zote, hata kama alipata alama A.

Na kama krediti zimekaa chuo kimoja huku unataka kumalizia kingine, tarajia kupoteza. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, GAO, ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza wastani wa asilimia 43 ya krediti zao. Kati ya "krediti imepokelewa" na "krediti imehesabiwa kwenye fani yako" kuna umbali mkubwa. Barua inayosema zimepokelewa 28 inaweza kumaanisha zimeandikwa kwenye kona ya transkripti kama kozi za hiari, basi.

Maji uliyoyavulia nguo

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ni methali nzuri kwa ndoa na kwa ahadi. Kwa krediti ni ushauri mbaya, na inafaa kuona jinsi inavyotudanganya.

Mwaka 1985 watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer walichapisha jaribio lililofanyika kwenye ukumbi wa maigizo wa Chuo Kikuu cha Ohio. Watu waliokuja kununua tiketi za msimu mzima waliuziwa, kwa bahati nasibu, ama kwa bei kamili ama kwa punguzo. Maigizo yalikuwa yaleyale, viti vilevile. Lakini katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria mara nyingi zaidi. Fedha ilikuwa imekwenda tayari. Kukaa ukumbini hakukuirudisha. Walikwenda kwa sababu walilipa. Jambo linalotajwa mara chache ni kwamba katika nusu ya pili ya msimu tofauti hiyo ilififia. Uchungu wa fedha iliyokwisha kutoka hupoa, na ndiyo maana mtu aliyehitimu mwaka jana huwa na hamu kali ya kumalizia viporo kuliko aliyehitimu miaka kumi iliyopita, ingawa hali zao zinaweza kufanana kabisa.

Jaribio la pili linagusa krediti karibu zaidi. Joseph Nunes na Xavier Drèze, mwaka 2006, walieleza jinsi wateja 300 wa sehemu ya kuoshea magari walivyopewa kadi. Nusu walipewa kadi ya mihuri minane, wakiijaza wanapata kuosha bure. Nusu nyingine walipewa kadi ya mihuri kumi, lakini miwili tayari imegongwa. Kwa wote kazi iliyobaki ilikuwa moja: mara nane. Wenye kadi tupu waliomaliza walikuwa asilimia 19. Wenye mihuri miwili ya zawadi, asilimia 34.

Mihuri miwili ile ndiyo krediti zako 28. Haikupunguza kazi hata kidogo, ila ilibadilisha hisia, kutoka "sijaanza" hadi "nimeshafika njiani". Na mbinu hii haiko mikononi mwako peke yako. Chuo kinachokutumia tangazo la "umebakiza kidogo tu" kinajua fika kinachokifanya.

Dawa yake ni swali moja, nalo ni chungu kidogo. Jifanye huna krediti yoyote iliyobaki. Mtu anakuja na kukupa programu mpya kabisa ya krediti 30, saa 1,350 za kazi, ambayo mwishoni inakupa shahada ya uchumi. Je, ungejiandikisha? Ukisema ndiyo, viporo ni neema. Ukisitasita, basi kinachokuvuta ni viporo, uchumi hauhusiki. Saa 1,350 ni karibu wiki 34 za kazi ya kutwa ya saa 40. Ukizitawanya kwenye mihula mitano ni saa 18 kila wiki ya masomo, juu ya kazi, familia na usingizi. Hebu ziandike kwenye kalenda kabla ya kuziandika kwenye fomu.

Kuna watu watakaosema ndiyo hata hivyo, kwa sababu wanaupenda uchumi au kwa sababu jambo lililoachwa nusu linawasumbua moyoni. Sina la kuwapinga. Mtu anaruhusiwa kusoma kwa raha, kama wengine wanavyojenga mashua au kufuga njiwa. Ila asiite raha uwekezaji, na asiikopee.

Cheti cha kwanza na cheti cha ziada

Hapa inabidi tutenganishe watu wawili ambao mara nyingi huchanganywa: aliye na shahada anayetaka kuongeza nyingine, na aliyeacha chuo akiwa na krediti bila shahada yoyote. Hesabu zao hazifanani kabisa.

Wachumi wana jina la kuchekesha kwa faida ya cheti chenyewe: athari ya ngozi ya kondoo, maana zamani vyeti viliandikwa juu ya ngozi. Wazo ni kwamba mshahara haupandi sawasawa kwa kila mwaka wa masomo. Unaruka pale mtu anapokipata cheti. David Jaeger na Marianne Page walionyesha mwaka 1996, kwa takwimu za Marekani zilizorekodi vyeti vyenyewe na miaka ya masomo kwa pamoja, kwamba kati ya watu waliosoma miaka sawa, mwenye shahada hulipwa zaidi. Kwa sehemu ni kwa sababu cheti kinamwambia mwajiri kitu asichoweza kukiona: kwamba huyu humaliza alichoanza.

Sasa fikiri. Ishara hiyo ikishatolewa mara moja, kuirudia kunaongeza nini? Mwajiri aliyekwisha kujua kwamba unamaliza mambo haambiwi jipya na cheti cha ngazi ileile. Ndiyo maana naona kwamba kwa aliyeacha chuo bila shahada, krediti zilizolala ni mali halisi na zinastahili kufufuliwa hata kwa jasho. Kwa aliye na shahada tayari, ni lazima shahada ya ziada ijitetee kwa sababu nyingine.

Yule asiye na shahada ana njia ambazo huenda hajazisikia. Ya kwanza ni kurudisha krediti nyuma: mtu aliyeanza chuo cha jamii (cha masomo ya miaka miwili), akahamia chuo kikuu na kuacha, anaweza kupeleka krediti za chuo kikuu kwenye chuo cha jamii na kupewa shahada ya miaka miwili, ambayo kwa kawaida ni krediti 60. Wapo waliokuwa wamezifikisha zote bila kujua. Ya pili ni vyuo vilivyoundwa mahsusi kwa watu wenye krediti zilizotawanyika: Excelsior kilichoanza 1971, Thomas Edison State kilichofuata 1972, na Charter Oak cha 1973. Hivi hupokea krediti nyingi za nje kuliko vyuo vya kawaida. Ya tatu ni mitihani ya CLEP ya College Board, shirika la mitihani la Marekani, inayokuwezesha kupata krediti za kozi za msingi kwa kufaulu mtihani bila kukaa darasani. Uingereza nako, mwaka mmoja uliofaulu, krediti 120, unaweza kuwa cheti cha elimu ya juu, na miwili ikawa stashahada, kwa mtu ambaye angedhani ametoka mikono mitupu.

Kwa mwenye shahada, swali ambalo halikwepeki ni hili: krediti 30 ni kiasi gani cha uzamili? Jibu ni kwamba mara nyingi ni uzamili mzima. Programu nyingi za uzamili Marekani zina krediti 30 hadi 36. Mhitimu wetu anakaribia kufanya kazi ya uzamili ili apate shahada ya ngazi anayoishika tayari. Ni kweli uzamili hautampokea bila maandalizi, na viporo vyake vya shahada ya kwanza havitapunguza krediti za uzamili. Lakini maandalizi hayo yanaweza kuwa kozi mbili au tatu, si kumi.

Sehemu ambapo shahada ya ziada inashinda ni pale sheria au leseni inapoitaja kwa jina. Uuguzi ni mfano mzuri: zipo programu za kasi za miezi 12 hadi 18 kwa wenye shahada za fani nyingine, na mwisho wake ni shahada ya uuguzi na ruhusa ya kukaa mtihani wa leseni. Hakuna anayeuliza kama ile ya kwanza ilikuwa ya historia. Uhandisi nao una milango ambayo haifunguki bila shahada yenye ithibati ya fani hiyo.

Anayesoma bado, ambaye hajahitimu, achunge neno moja. Kusoma fani kuu mbili kwa kawaida huzaa shahada moja yenye majina mawili ya fani. Shahada mbili ni kitu kingine na ndizo zinazodai zile 30 za juu. Fani mbili zinaweza kumgharimu kozi nne tu za nyongeza, kwa kuwa kozi kadhaa huhesabika pande zote mbili. Akiahirisha mpaka ahitimu, mlango huo hufungwa na unabaki ule wa 30. Huenda huo ndio uamuzi pekee katika habari hii yote ambao una haraka ya kweli.

Pale krediti zinapolipa zenyewe

Watu husahau kwamba kuna wanaohesabu krediti bila kuuliza cheti. Katika majimbo mengi ya Marekani, leseni ya uhasibu ya CPA kwa miaka mingi imedai krediti 150. Haikudai shahada mbili wala uzamili. Ni 150, zikiwemo kozi maalumu za uhasibu. Kwa mhasibu mwenye 148, viporo vya lugha na kemia ni dhahabu, kwa maana huku ndiko jumla inakohesabika. Tangu 2025 majimbo kadhaa, Ohio likiwa kati ya ya mwanzo, yamepitisha njia mbadala ya shahada ya kawaida na uzoefu zaidi wa kazi, kwa hiyo hata hizo mbili anazokosa pengine hazitahitajika.

Walimu wa shule za umma katika wilaya nyingi hupanda ngazi za mshahara kwa krediti walizoongeza baada ya shahada, kumi na tano, thelathini na kuendelea. Zingatia "baada ya": krediti zilizobaki kutoka enzi za uanafunzi mara nyingi hazihesabiwi. Anayetaka kufundisha chuo cha jamii hukutana na kigezo cha krediti 18 za ngazi ya uzamili katika somo husika. Na shule za udaktari wa tiba hutazama kama umesoma kozi tangulizi za sayansi, si kama una shahada ya ziada ya biolojia. Wengi hujilipia shahada nzima pale ambapo kozi nane zingetosha.

Nani analipa

Fedha nazo zina ukuta kati ya mwenye shahada na asiye nayo. Ruzuku ya Pell ya serikali kuu ya Marekani, ambayo hairudishwi, hukoma mtu anapopata shahada ya kwanza, ukiacha programu fulani za kuwaandaa walimu. Aliyeacha bila shahada bado anaweza kuipata, ndani ya kikomo cha maisha cha sawa na mihula 12. Mikopo ya serikali hubaki wazi kwa mwenye shahada anayesoma nyingine, lakini ndani ya dari ileile ya shahada ya kwanza: dola 57,500 kwa mwanafunzi anayejitegemea, zikihesabiwa pamoja na alizokopa zamani. Tena kuna kanuni ya mwendo: mwanafunzi hawezi kupata msaada akizidisha asilimia 150 ya urefu wa programu. Kwa shahada ya krediti 120 ni 180 zilizojaribiwa, hata zile alizofeli. Viporo, vinavyoonekana kama hatua mbele, hapa vinaweza kula nafasi.

Kwenye vyuo vya umma vya Texas, mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayezidisha krediti 30 juu ya zinazohitajika anaweza kutozwa ada ya juu zaidi. England nako, tangu 2008, serikali iliondoa kwa sehemu kubwa fedha za umma kwa wanaosoma sifa ya ngazi sawa au ya chini kuliko waliyo nayo. Serikali zimeshajibu swali letu kwa namna yao: cheti cha kwanza ni jambo la umma, cha ziada ni lako.

Mlipaji anayesahaulika ni mwajiri. Sheria ya kodi ya Marekani inamruhusu kumlipia mfanyakazi hadi dola 5,250 za masomo kwa mwaka bila kukatwa kodi. Asipokubali kutoa hata senti kwa shahada unayoitaka, hiyo nayo ni habari kuhusu thamani yake kazini.

Barua moja kabla ya ada

Usiamini hesabu ya kichwani, wala ya mshauri aliyekujibu kwa simu. Agiza transkripti rasmi kutoka kila chuo ulichopita, hata kile cha likizo moja. Tafuta silabasi za zamani. Mtathmini hulinganisha kozi kwa yaliyofundishwa, na silabasi iliyohifadhiwa imewahi kugeuza "kozi ya hiari" kuwa "sharti limetimizwa". Kisha iandikie ofisi ya msajili na uombe jibu la maandishi: krediti zipi zinahesabika kwenye fani, si kupokelewa tu, ngapi lazima zisomwe hapo, nafuata mwongozo wa mwaka gani, kozi ya mwisho ya mnyororo hufundishwa lini. Chuo kisichotaka kuyajibu haya kabla ya kupokea ada hakitayajibu vizuri zaidi baada ya kuipokea.

Mhitimu wetu wa mfano aliiandika barua hiyo. Jibu lilikuja na orodha ya krediti 30 na mihula mitano. Aliiweka kando ya uzamili wa sera za umma aliokuwa akiuchungulia, krediti 36, ambao kabla ya kumpokea ulitaka kozi mbili: misingi ya uchumi na takwimu. Ya uchumi anayo tangu mwaka wa kwanza. Amejiandikisha takwimu, krediti tatu, jioni. Zile tisa za lugha zimebaki zilipokuwa kwenye transkripti, na lugha yenyewe bado anaizungumza.